Beni: Pompa ya esanse ikifia ndani ya tangi, njia ya mkato inaweza kuua

Ilikuwa saa nane ya mchana, kilomita chache baada ya kutoka mji wa Beni, kwenye barabara ya kwenda Kasindi. Taksibasi tuliyopanda ilikohoa mara tatu, ikapoteza nguvu kwenye mpando mdogo, kisha ikazimika. Shofere alijaribu ufunguo mara nne. Stata ilizunguka vizuri, batri ilikuwa nzima, lakini mota haikushika. Konvoyeri akalala chini ya gari, akalipiga tangi kwa ngumi mara kadhaa, na mota ikawaka. Abiria walipiga makofi. Shofere hakufurahi. Aligeuza gari na kuturudisha Beni.

Mama mmoja aliyekuwa na mizigo ya kuuza Lubiriha alilalamika kwamba soko litampita. Shofere alimwomba radhi kwa upole, akamweleza kwamba gari linalowaka kwa ngumi litazimika tena, na hakuna anayejua litazimikia wapi. Mama akanyamaza. Kwenye barabara ile, kila mtu anaelewa maana ya maneno hayo.

Kitu kilichokufa ni kidogo, mtu anaweza kukishika kwa mkono mmoja. Ni pompa ya umeme inayosukuma esanse kutoka kwenye tangi hadi kwenye mota. Tatizo ni mahali inapokaa: ndani ya tangi lenyewe, chini ya sakafu ambayo abiria wanaweka miguu. Kwa kuifikia kuna njia mbili. Ya kwanza ni kushusha tangi, kazi ya saa nyingi. Ya pili ni kutoboa sakafu ya gari juu ya tangi, kazi ya muda mfupi. Mafundi wanaijua njia hiyo ya pili, na wenye magari wenye haraka wanaipenda. Ni njia inayoweza kuchoma gari, fundi na garaje yote.

Barabara isiyosamehe

Kutoka Beni hadi Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, ni kilomita zipatazo 80. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54. Ni barabara mbili zinazolisha eneo zima. Magari ya mizigo, matangi ya esanse na mazutu, nguo, saruji na vipuli vya magari hupita Kasindi kabla ya kufika kwetu. Ndiyo sababu zilitiwa, pamoja na barabara ya Bunagana, Rutshuru na Goma, katika mpango wa kilomita 223 ambao Kongo na Uganda waliuzindua mwaka 2021.

Lakini ni eneo ambalo raia wamekuwa wakiuawa na waasi wa ADF kwa miaka zaidi ya kumi sasa. Magari yamechomwa na wasafiri wamechukuliwa mateka. Mwezi Septemba 2021, kwenye barabara inayotoka Beni kwenda Komanda, hata msafara uliokuwa na ulinzi wa wanajeshi ulishambuliwa. Hali ya dharura ya kijeshi, iliyoanza jimboni Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021, haikuondoa hofu hiyo. Hakuna shofere anayetaka giza limkute njiani, akiwa na abiria kumi na nane na gari lisilowaka.

Upande wa Butembo kuna mtihani mwingine. Mji huo uko juu kuliko Beni kwa mamia ya mita, na gari lenye mzigo hupanda sana kwenye milima ya Kabasha. Pompa iliyochoka inaweza kuzunguka mjini wiki nzima bila kuonyesha ugonjwa. Siku mota itakapoomba esanse nyingi, kwenye mpando, ndipo itakaposhindwa.

Kwanza hakikisha ni pompa

Fundi aliyetupokea, mzee wa makamo mwenye garaje ya wazi karibu na boulevard Nyamwisi, hakugusa tangi kwanza. Alianza na fizibo na rele, vitu viwili vya bei ndogo ambavyo vikiungua pompa husimama ingawa ni nzima. Alivibadilisha na vingine. Hakuna kilichobadilika.

Kisha aliomba kimya. Kwenye magari mengi ya injeksheni, ukifungua kontakti bila kuwasha mota, pompa inavuma kwa sekunde mbili hivi. Ukifungua kifuniko cha tangi na kutega sikio, unaisikia. Lakini alituonya: Toyota nyingi za zamani haziko hivyo. Pompa yake haizunguki mpaka stata izunguke, kwa hiyo kukosa sauti hapo mwanzo si ushahidi. Watu wengi wamenunua pompa mpya kwa kosa hilo.

Ushahidi ulitoka kwenye waya. Alichomoa plagi ya tangi, akaweka kipimo cha umeme, akamwambia kijana wake azungushe stata. Kipimo kilionyesha umeme wa batri unafika, na waya wa masi ulikuwa mzuri. Umeme unafika, pompa haizunguki: hapo hakuna tena mashaka. Kama umeme usingefika, kubadilisha pompa kungekuwa kutupa pesa, kwa sababu ugonjwa ungekuwa kwenye waya, rele au kontakti.

Na ile ngumi ya konvoyeri? Fundi alicheka. Ndani ya pompa kuna mota ndogo yenye makaa yanayogusa sehemu inayozunguka. Makaa yakiisha, mtikisiko huyarudisha mahali pake kwa muda. Ngumi inaweza kukutoa porini na kukufikisha nyumbani. Haifai kwa kuanzia safari nyingine.

Ubishi wa simu

Wakati huo mwenye gari alikuwa kwenye simu kutoka Butembo. Alitaka gari liwe barabarani jioni ile ile. Alisema mara ya mwisho, kwenye gari lake lingine, walitoboa sakafu na ilichukua saa moja tu.

Maelezo yake hayakuwa ya kijinga. Magari mengine yameundwa na kifuniko kidogo chini ya kiti au chini ya tapi, chenye vizibo vichache: unakifungua na pompa iko mbele yako. Taksibasi nyingi hazina kifuniko hicho. Tangi limefungwa chini ya gari kwa mikanda ya chuma, na sakafu iliyo juu yake ni bati zima. Mtu anajiuliza: kwa nini nisijitengenezee kifuniko changu?

Fundi alimjibu kwa heshima, akimwita patron, lakini hakukubali. Sababu yake ilikuwa moja, nayo ni mvuke.

Esanse yenyewe haiwaki kirahisi kama mvuke wake. Na esanse hutoa mvuke wakati wote, hata kwenye baridi ya asubuhi ya Butembo: ingeendelea kutoa mvuke unaoweza kuwaka hata chini ya digrii sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Unateremka, unatambaa chini ya gari, unajaa kwenye shimo la garaje, na unaweza kusafiri mita kadhaa mpaka ukutane na cheche. Mashine ya kukatia chuma hutoa cheche nyingi za moto kila sekunde. Kukata bati sentimita chache juu ya tangi ni kuleta vitu hivyo viwili pamoja kwa makusudi.

Wengi wanadhani tangi tupu ndilo salama. Ni kinyume. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa. Tangi lililomwagwa lina mvuke uliochanganyika na hewa, mchanganyiko ule ule unaolipuka. Ndiyo maana kusudura tangi la esanse ambalo halijasafishwa vizuri kumeua mafundi katika nchi nyingi.

Watu wa Kongo ya Mashariki hawahitaji kufundishwa esanse inaweza kufanya nini. Tarehe 2 Julai 2010, lori la esanse lilipinduka Sange, katika teritwari ya Uvira. Esanse ilimwagika, moto ukashika, na watu zaidi ya 230 walikufa, wengi wao wakiwa wamekusanyika kutazama mchezo wa Kombe la Dunia. Tangi la taksibasi si lori. Lakini garaje za Beni ziko katikati ya nyumba, karibu na mama anayekaanga mikate na motari anayewasha sigara.

Kuna pia hatari inayobaki baada ya kazi. Tundu lililokatwa ovyo na kufunikwa kwa bati la kopo haliwezi kuzuia mvuke. Plagi ikilegea au mpira ukichakaa, harufu ya esanse inaingia moja kwa moja kwa abiria. Maji ya mvua na vumbi vinashuka juu ya pompa. Na kama aliyekata alipitisha mashine kwenye chuma kinachobeba sakafu, gari limepunguzwa nguvu bila mtu kujua.

Hatimaye mwenye gari alikubali tangi lishushwe.

Kushusha tangi

Kazi ilianza saa kumi ya alasiri. Kwanza fundi alitoa mkandamizo wa esanse ndani ya mipira. Katika mota za injeksheni, esanse husukumwa kwa nguvu ya karibu bari 3, na anayefungua mpira bila kuutoa mkandamizo huo anaweza kurushiwa esanse machoni. Kama pompa ingekuwa bado inazunguka, angetoa fizibo yake na kuacha mota iwake mpaka izimike yenyewe. Hapa pompa ilikuwa imekufa, lakini alifungua mpira polepole, akiwa ameufunika kwa kitambaa. Kisha akachomoa waya hasi wa batri.

Gari lilisogezwa nje, mahali penye hewa, mbali na shimo. Simu ziliwekwa mbali. Taa iliyotumika chini ya gari ilikuwa tochi iliyofungwa vizuri, si balbu yenye waya ya nyumbani, ambayo ikivunjika hutoa cheche. Ndoo ya mchanga mkavu iliwekwa pembeni. Maji hayazimi moto wa esanse: esanse huelea juu yake na moto unatembea.

Halafu esanse ikatolewa. Lita 40 za esanse zina uzito wa kilo 30 hivi, na hakuna sababu ya kushusha uzito huo juu ya kifua cha mtu. Hapa kijana mmoja alitaka kufyonza kwa mdomo na mpira, kama tunavyoona kila siku barabarani. Mzee alimfokea na kumpa pompa ndogo ya mkono. Esanse ikipita njia mbaya na kuingia kwenye mapafu, hata kidogo, inaweza kuleta ugonjwa mkubwa wa mapafu. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, maana wakati wa kutapika ndipo inapoingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali.

Baada ya hapo kriki iliwekwa chini ya tangi, na ubao katikati ili chuma kisigonge chuma. Bulo za mikanda zilikuwa na kutu. Zilinyunyiziwa mafuta ya kulegeza na kuachwa zinywe. Kuzikata kwa moto au kwa mashine hapo kungekuwa kosa lile lile la kutoboa sakafu. Mpira wa kujazia, mpira wa mvuke, mipira ya esanse na plagi vilitolewa kimoja kimoja, na kijana alipiga picha ya kila kimoja kabla ya kukichomoa. Tangi likashuka.

Kabla ya kufungua pompa, fundi alipangusa na kuosha sehemu yote ya juu. Vumbi la miaka lililokaa pale, likianguka ndani, litakuwa la kwanza kuua pompa mpya. Kisha alifungua duara linaloishika, akainua pompa na kiti chake kwa kuilaza kidogo, ili mkono wa kuelea unaopima kiasi cha esanse usipinde. Shofere ambaye geji yake inadanganya tangu pompa ibadilishwe, mara nyingi mkono huo ndio ulipindishwa.

Kilichokuwa chini ya tangi

Fundi aliimwaga esanse ya mwisho kwenye chupa nyeupe ya kioo na kuiacha isimame. Baada ya dakika chache mstari ulionekana. Juu esanse, chini maji, na chini kabisa uchafu mwekundu kama udongo. Chujio dogo linalovalishwa kwenye mdomo wa pompa, kama soksi, lilikuwa limeziba na kuwa jeusi.

Shofere hakushangaa. Siku nyingi hununua esanse kwa kadhafi, wauzaji wa barabarani wenye chupa na bidoni. Wanapatikana kila kona, hata mahali ambapo hakuna stesheni, na wanauza lita moja au mbili kwa mtu asiye na pesa ya kujaza. Si wote wanaodanganya. Lakini bidoni iliyokaa juani, iliyofungwa kwa gunia, iliyopitia mikono mingi kutoka mpakani, hukusanya maji na mchanga. Mwingine huchanganya mafuta ya taa. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ina kazi ya kupima ubora wa bidhaa zinazoingia, lakini kipimo cha mpakani hakiwezi kufuata kila chupa hadi pembeni ya barabara.

Sababu ya pili ni geji. Esanse inayoizunguka pompa ndiyo inayoipoza. Shofere anayetembea kila siku na tangi la taa nyekundu anaiacha pompa ifanye kazi kwenye joto, huku ikinyonya takataka za chini kabisa. Shauri la mafundi ni rahisi: usishuke chini ya robo ya tangi. Rahisi kusema. Kwa anayeweka esanse ya safari moja tu, kwa sababu lazima kwanza abaki na pesa za mwenye gari, robo ya tangi ni mtaji asio nao.

Kuhusu pompa mpya, duka la kwanza lilikuwa na sanduku zuri lenye jina kubwa, lakini plagi ndani haikulingana. Vipuli vingi vya Beni na Butembo vinatoka Dubai na China, au vimetumika na vinatoka Kampala, kwenye soko la Kisekka. Tangu vita vilipofika kusini mwa Lubero na kuvuruga barabara ya Goma, njia ya Kasindi imekuwa muhimu zaidi. Fundi alibeba pompa ya zamani mkononi na kulinganisha vitu vitatu: plagi, urefu, na nguvu ya kusukuma. Pompa ya gari la karbirata, ambayo husukuma kwa nguvu ndogo sana, inaweza kuingia kwenye nafasi hiyo na hata kuzunguka. Mota ya injeksheni haitatembea nayo. Chujio na mpira wa duara vilinunuliwa vipya pia. Kurudisha mpira wa zamani uliovimba ni kutengeneza mvujo.

Njia ya katikati

Nilimuuliza fundi kama kutoboa sakafu ni dhambi siku zote. Hapana, alisema. Kwa gari linalofanya kazi ngumu, kifuniko ni msaada. Lakini kuna utaratibu. Tangi lishushwe kwanza na kupelekwa mbali, mipira ya esanse izibwe, chini ya gari papigwe hewa. Ndipo bati likatwe, ikiwezekana kwa mkasi wa bati badala ya mashine ya cheche, bila kugusa vyuma vinavyobeba sakafu. Kingo zilainishwe na kupakwa rangi ili kutu isianze. Kifuniko kiwe cha bati nene, chenye mpira kuzunguka na vizibo vya kutosha, kiasi kwamba hata mvua haipiti. Ukishateseka mara moja kushusha tangi, mara ya pili utaifikia pompa kwa dakika chache.

Mwenye gari, alipoelezwa hayo kwa simu, alisema afikirie.

Tangi lilirudishwa saa mbili ya usiku. Kabla ya kuwasha, fundi alipitisha mkono mkavu kwenye kila kiungio, akawasha, akapitisha tena. Hakukuwa na unyevu wala harufu. Aliiacha mota ikivuma kwa dakika kumi, kisha akashusha kriki.

Asubuhi yake gari liliondoka kwenda Kasindi likiwa na nusu ya tangi, iliyojazwa stesheni. Pesa hizo shofere alikopa. Siku iliyopotea garajini, mwenye gari bado anaihesabu kama siku ya kazi, na shofere anamdai konvoyeri wake subira. Hata hivyo, alipopita mahali tulipozimikia, hakupunguza mwendo.

Kwa abiria, kuna jambo moja la kukumbuka. Ukisikia harufu ya esanse ndani ya taksibasi, si kawaida ya gari la zamani. Mwambie shofere asimame, na anayevuta sigara aizime kwanza. Na ukiona bati lililopigiliwa vibaya chini ya miguu yako, uliza nini kiko chini yake.